Ukingo wa Mto Usilimwe

Mkulima akigawiwa ekari zake katika skimu, hutembea mpaka mwisho wa shamba ili ajue kila pembe. Ikiwa mpaka wake ni mto, hufurahi zaidi, maana udongo wa ukingoni ni mweusi, una unyevu, na mboga huota hata wakati wa kiangazi. Kisha huja Bwana Shamba na kumwambia, "Hapa usilime." Wengi huona uchungu. Huuliza, "Mbona nimepewa ardhi, na ile iliyo bora nakatazwa?"

Swali hili ni la haki, nalo lafaa lijibiwe. Tuutazame mto mmoja, yaani Sabaki.

Mto huu huanza katika nchi ya juu karibu na Nairobi, na huko huitwa Athi. Hupita Ukambani, hukutana na mto Tsavo, kisha huitwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki, nao huingia Bahari ya Hindi kaskazini ya mji wa Malindi. Majina ni matatu lakini maji ni yale yale. Mvua kubwa ikinyesha, bahari ya Malindi hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Rangi hiyo ni ya udongo, na mwingi wake umetoka mashambani.

Chini ya bahari hiyo kuna matumbawe, ambayo hulindwa tangu Hifadhi ya Bahari ya Malindi ilipoanzishwa mwaka 1968. Tumbawe ni kiumbe hai, nalo hujijengea chokaa tabaka juu ya tabaka, kama mti unenepavyo mwaka hata mwaka. Wataalamu walichunguza tabaka za tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, na mwaka 2007 walitangaza waliyoyaona. Tangu 1700 hadi 1900 udongo uliofika baharini haukubadilika sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulianza kuongezeka, na kati ya 1974 na 1980 ulizidi kwa haraka.

Udongo ukizidi, hufunika matumbawe na kuyazuilia mwanga wa jua. Matumbawe yakifa, samaki hukosa mahali pa kujificha na kuzaa, na mvuvi hurudi nyumbani na dema tupu. Kadhalika mdomo wa mto Sabaki, wenye mikoko, viboko na ndege wengi wa majini, huharibika.

Kwa sababu hizi sheria zimewekwa. Kanuni za matumizi ya ardhi za mwaka 1965 zilikataza kulima mahali penye mteremko unaopita asilimia 35, na zilitaka udongo ukingwe ikiwa mteremko ni asilimia 12 au zaidi. Kanuni za baadaye zilitaka ukingo wa mto ulindwe kwa upana usiopungua mita 6 wala kupita mita 30 kila upande, kuanzia mahali maji yalipofika katika mafuriko makubwa kuliko yote yanayojulikana.

Kupima mteremko si kazi ngumu. Chukua fito ya mita 1. Weka ncha moja chini upande wa juu, uilaze fito sawasawa kama maji yatulivyo, kisha pima kutoka ncha ya pili mpaka ardhini. Ukipata zaidi ya sentimita 35, usilime hapo. Ukipata sentimita 12 au zaidi, tengeneza matuta ya kukinga mteremko, kama yale ya "fanya juu" yanayojulikana sana Machakos.

Ukingoni acha miti na nyasi za asili. Ng'ombe wasishuke mtoni popote wapendapo. Wachotee maji wanywe kwenye birika. Pampu ya dawa usiioshe mtoni kamwe.

Hatusemi kwamba mkulima hapotezi kitu. Mwenye ekari chache ataikosa ile mboga ya kiangazi, na hasara hiyo ataihisi. Lakini mto ukifurika, ukingo usio na mizizi hukatika na kwenda na maji, wala hakuna atakayekurudishia. Kiboko naye hula nyasi za ukingoni usiku. Zikilimwa, hupanda mpaka kwenye mahindi. Basi nyasi zile hulinda shamba lako kwanza, na bahari baadaye.

Kabla ya mvua zijazo, mwite afisa wa kilimo apime ukingo wako, mtie alama pamoja. Tena zungumza na jirani wa juu na wa chini, maana ukingo wa mtu mmoja hautoshi. Haba na haba hujaza kibaba: udongo uliofika Malindi ulitoka kidogo kidogo katika mashamba mengi, na ndivyo utakavyozuiwa.