Je, Wajua? Ikulu Ilipojipenyeza Kwenye Tamthilia

Sogea, msomaji, nafasi ipo. Leo ni tamthilia za televisheni za Marekani, dawa za kulevya, na mkono wa serikali nyuma ya pazia. Shika kikombe chako vizuri!

Je, wajua kwamba mwaka 1997 Bunge la Marekani lilikubali mpango wa karibu dola bilioni 1, kwa miaka 5, wa kununua matangazo ya kuwaonya vijana dhidi ya dawa za kulevya? Tena kwa nusu bei! Kwa kila tangazo lililolipiwa na serikali, kituo kilitakiwa kurusha jingine bure.

Vituo vikanung'unika. Kampuni za intaneti zilikuwa zinagombea nafasi za matangazo, na kugawa dakika bure kuliuma. Unajua vilitokaje hapo? Kituo kikipenyeza ujumbe ndani ya tamthilia yenyewe, deni linapungua na dakika zinarudi sokoni!

Bei nayo ilikuwepo. Tamthilia ya nusu saa yenye ujumbe unaotakiwa ilihesabiwa sawa na matangazo 3 ya sekunde 30. Ya saa nzima? Matangazo 5! Haya, piga hesabu.

Au nikupigie mimi: tamthilia ya hospitali, ER, peke yake ilikipa kituo cha NBC unafuu wa kama dola milioni 1.4. Ukijumlisha vituo vyote, muda uliokombolewa ulikadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola milioni 25. Vipindi vilivyopitiwa na serikali vilizidi 100!

Na aliyeongoza ofisi ya Ikulu ya kupambana na dawa za kulevya, iliyosimamia mpango huu, unadhani alikuwa msanii? Wapi! Alikuwa jenerali mstaafu wa jeshi, Barry McCaffrey. Baadhi ya miswada ya tamthilia ilifika ofisini kwake kabla vipindi havijarushwa.

Je, wajua kilichowapata vijana wawili wa tamthilia ya Smart Guy? Mwanzoni mswada uliwaonyesha wakitumia vilevi kwenye sherehe, wanapendwa na wenzao, wana hadhi. Baada ya marekebisho wakageuka watu wa hovyo, wamejificha stoo!

Chicago Hope nayo ilikuwa na mswada uliowekwa kando, wa vijana waliotumia dawa za kulevya kwenye sherehe ya dansi. Mpango wa serikali ulipokuja, mswada ukafufuka na kurushwa hewani. Kumbe hata hadithi huwa na siku yake!

Usiondoke, hii ndiyo yenyewe: waandishi wengi wa tamthilia hizo hawakujua lolote. Wakubwa wa vituo walizungumza na serikali, wao wakaendelea kuandika. Mtazamaji ndiyo kabisa, hakuambiwa chochote!

Siri ilipasuka Januari 2000, mwandishi wa habari Daniel Forbes alipoianika katika jarida la Salon. Ndani ya mwezi huohuo ofisi ya McCaffrey ikatangaza kwamba haitapitia tena miswada kabla vipindi havijarushwa. Desemba, mamlaka ya mawasiliano FCC ikasema watazamaji walistahili kuambiwa nani yuko nyuma ya ujumbe huo.

Unafikiri mambo haya yalianza hapo? Aprili 1970 Rais Richard Nixon aliwaita watayarishaji wa televisheni Ikulu, akawasihi waingize vita dhidi ya dawa za kulevya kwenye vipindi vyao.

Desemba 21 mwaka huohuo, nani alibisha hodi Ikulu? Elvis Presley! Alimletea Nixon zawadi ya bastola, akaomba beji ya maofisa wa kupambana na dawa za kulevya, na akapewa.

Je, wajua kwamba mke wa Rais aliwahi kuigiza kwenye tamthilia akiwa yuko Ikulu? Machi 1983 Nancy Reagan alitokea katika Diff'rent Strokes, kwa jina lake mwenyewe, akiwaonya watoto wa shule dhidi ya dawa za kulevya. Kamera hazikumtisha, maana zamani alikuwa mwigizaji wa filamu!

Mwaka 1986 waigizaji wa Grange Hill, tamthilia ya watoto ya BBC iliyomwonyesha mwanafunzi aliyenaswa na heroini, walisafiri kutoka Uingereza hadi Washington. Nani aliwapokea Ikulu? Nancy huyohuyo!

Aprili 21, 1990, vituo vikubwa vya Marekani vilirusha katuni moja kwa wakati mmoja. Sungura Bugs Bunny, paka Garfield na wenzao, wahusika wa kampuni zinazoshindana, waliungana kumnusuru kijana mvuta bangi. Aliyeitambulisha ni Rais George Bush, na mkewe Barbara pembeni!

China nako? Mwaka 2009 Jackie Chan aliteuliwa balozi wa kupambana na dawa za kulevya. Mwaka 2014 mwanawe Jaycee, naye mwigizaji, akakamatwa Beijing kwa kesi ya bangi. Muda mfupi baadaye serikali ikaagiza kazi za wasanii waliotumia dawa za kulevya zisionyeshwe.

Sasa twende kwenye risiti. Mwaka 2006 wakaguzi wa Bunge la Marekani walipitia ile kampeni iliyoanza na nusu bei, ambayo kufikia 2004 ilikuwa imetengewa zaidi ya dola bilioni 1.2. Walikuta nini? Hakuna ushahidi kwamba ilipunguza uvutaji wa bangi kwa vijana!