Usiiache Ruta Pale Fundi Alipoifunga

Fundi wa faiba akija nyumbani ana mambo mawili kichwani: waya usiwe mrefu, na taa ziwake kabla hajaondoka. Ndiyo maana ruta nyingi za Dar es Salaam na Nairobi zimejificha nyuma ya televisheni, au ziko sakafuni pembeni ya mlango wa mbele, hatua mbili kutoka kwenye tundu lililotobolewa ukutani. Taa zinawaka kijani, mwenye nyumba anatia saini, fundi huyoo. Wiki ya pili mtoto anayesomea chumba cha nyuma analalamika kuwa video zinakwama, na baba anapiga simu kuulizia bei ya kifurushi kikubwa zaidi.

Kifurushi mara nyingi hakina hatia. Intaneti inafika kwenye ruta vizuri tu, halafu inapotelea katika zile mita chache kati ya ruta na simu. Mita hizo huuziwi na kampuni. Zinategemea kuta zako, samani zako na mipangilio iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani.

Kujua tatizo liko upande gani hakuhitaji mtaalamu. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya wa LAN, pima kasi. Kisha chomoa waya, pima kwa waifai ukiwa palepale sebuleni, halafu nenda ukapime chumba cha mwisho. Kama kwa waya unapata megabiti 20 ulizolipia na chumbani unapata 3, kampuni imetimiza ahadi yake. Angalia pia usichanganye vipimo, maana hapo watu wengi hudhani wanaibiwa: kampuni huuza kwa megabiti, mafaili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Laini ya megabiti 20 hushusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo faili la megabaiti 500 litachukua dakika tatu na ushee hata mambo yote yakienda sawa.

Hata kwa waya kasi ikiwa ndogo, hapo ndipo pa kuipigia kampuni simu. Na kuna siku hata kampuni haina la kufanya: Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku kama hiyo hata ukizima na kuwasha ruta mara kumi, hutapata nafuu.

Sasa turudi kwenye kuta. Ruta nyingi za kisasa hurusha mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi; yanafika mbali na yanapenya ukuta kwa nafuu, lakini kasi yake ni ndogo. Ya gigahezi 5 ni mafupi zaidi ya nusu ya hayo. Yana kasi kubwa, lakini ukuta mmoja wa tofali za saruji unayapunguza sana, na wa pili karibu unayamaliza. Nyumba zetu si za mbao na jasi kama zile wanazozifikiria wanaoandika maelezo ya kwenye boksi. Tunajenga kwa tofali za saruji, tunamwaga zege lenye nondo juu ya madirisha, na ghorofani sakafu nzima ni wavu wa chuma uliofunikwa na zege. Mji Mkongwe wa Unguja na Mji wa Kale wa Mombasa ndiko kugumu kabisa: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba dirisha lina kibaraza cha kukalia. Huko ruta moja ni ya chumba kimoja, na jirani yake akibahatika.

Ukitaka kuuona upotevu huu kwa macho, weka kwenye simu programu yoyote ya bure ya kupima nguvu ya waifai. Itakupa namba hasi kwa desibeli. Karibu na ruta utaona kama −45. Ukivuka ukuta mmoja inaweza kushuka hadi −62; chumba cha nyuma, mlango ukiwa umefungwa, −78. Ikifika −80 simu huanza kuachia. Namba hizo zinaonekana jirani, lakini kila desibeli 3 zinazopotea zinakata nguvu kwa nusu. Kutoka −50 hadi −80 nguvu imepungua mara 1,000.

Kwa hiyo ruta itoke sakafuni. Ipandishe juu ya kabati au itundike ukutani, usawa wa kichwa au zaidi, karibu na katikati ya nyumba. Korido huwa pazuri kwa sababu milango ya vyumba vyote inafungukia hapo. Iepushe na kioo kikubwa cha kujitazamia, ambacho mgongo wake una utando wa madini, na friji, na tangi la maji, kwani maji hunyonya mawimbi haya. Oveni ya maikrowevu nayo hufanya kazi kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4, na ikiwashwa karibu na ruta utaona video ikisita hadi chakula kiive. Antena zisimamishe wima kama nyumba ni ya chini, maana mawimbi hutoka ubavuni mwake, si kwenye ncha. Kwa nyumba ya ghorofa, laza moja.

Ugumu ni kwamba waya wa faiba umeishia mlangoni. Mwombe fundi siku ileile ya kwanza avute waya hadi koridoni. Mita chache za nyongeza zitakugharimu kidogo kuliko kumwita tena. Usiuvute mwenyewe. Ndani yake kuna uzi wa kioo, na ukiukunja kwa nguvu kwenye kona mwanga unavuja nje. Ndipo ile taa iliyoandikwa LOS inapowaka nyekundu, na ukiiona usihangaike na mipangilio: mwanga haufiki kwenye kifaa, basi.

Kama umekwishachelewa, acha kifaa cha faiba kilipo na utoe hapo waya wa LAN hadi kwenye ruta ya pili ndani. Waya huo unaweza kwenda mita 100 bila kupoteza kasi. Ukinunua Kariakoo au Luthuli Avenue, kwangua ncha yake kwa kisu: shaba tupu ni nyekundu hadi ndani, lakini wa bei ya kutupa mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, ukikwangua unaona weupe. Kwenye ruta ya pili zima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani, ibaki kwa ile ya kwanza. Ibadilishie anwani zisigongane, kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN, si la WAN. Vile vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye soketi ili kurudisha mawimbi mimi sivipendi. Vya bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio ileile moja, na kasi inakatika nusu papo hapo.

Kwenye majengo ya kupanga, kama ya Roysambu au Sinza, adui hawi ukuta peke yake. Simu inakuonyesha majina thelathini ya waifai, na yote yanagombea nafasi ileile. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Chagua yenye watu wachache, na vifaa vilivyo karibu na ruta vihamishie gigahezi 5.

Kuhusu usalama, geuza ruta usome kibandiko cha chini. Pana anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1, ambayo unaiandika kwenye kivinjari, na jina na nywila ya kuingilia. Nywila hiyo ya uongozi ni tofauti na ile ya waifai, na ndiyo watu wanayoisahau. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa mamia ya maelfu, kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani. Oktoba mwaka huo jeshi hilo likaielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, ambayo tovuti nyingi ziliitegemea, hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Badilisha nywila zote mbili. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Zima WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha vifaa: mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba namba yake ya siri ya tarakimu 8 hukaguliwa vipande viwili, hivyo mvamizi anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000. Wageni wafungulie mtandao wao wa pembeni.

Kabla hujaingiza sindano kwenye kile kitundu cha kurudisha ruta kiwandani, piga picha ukurasa wa mipangilio ya WAN. Kampuni nyingi huingiza humo jina na nywila za kukutambulisha kwao. Ukizifuta, waifai itarudi ikiwa na jina la kiwandani na intaneti haitakuwepo hadi huduma kwa wateja wapokee simu.

Na kwa kuwa umeme utakatika, soma kibandiko cha chaja: ruta nyingi hutumia volti 12 na ampea 1 hadi 2. UPS ndogo ya ruta inayotoa volti hizohizo, na ampea zisizopungua hapo, itakuvusha saa kadhaa za giza, kwani faiba yenyewe haihitaji umeme wa mtaani kwako. Volti zikizidi, ruta itaungua.