Steve Tikolo: Fundi Aliyewafunda Majirani

Sisi watu wa pwani, kriketi ikitajwa, humkumbuka kwanza Aasif Karim wa Mombasa, ambaye mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 39, aliwatoa wapigaji watatu wa Australia kwa mikimbio saba tu. Nahodha wake katika Kombe la Dunia mwaka ule alikuwa mzaliwa wa Nairobi, Steve Tikolo. Juma hili twamzungumza yeye, na hasa kazi aliyoishika baada ya kuliweka gongo chini: ualimu.

Tikolo alizaliwa mwaka 1971 katika nyumba iliyoujua mchezo huu. Kaka zake, Tom na David, nao waliichezea Kenya. Mtoto akikua hivyo huona mengi kabla ya kufundishwa.

Mwaka 1996, katika mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia, aliipigia Kenya mikimbio 65 dhidi ya India. Siku chache baadaye alipata 96 dhidi ya Sri Lanka, akabakiza minne tu kutimiza mia. Tarehe 24 Februari 2003, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, si mbali na katikati ya jiji, aliiongoza Kenya kuishinda Sri Lanka kwa mikimbio 53. Safari ile iliishia Durban, katika nusu fainali, India ilipotushinda. Hata siku hiyo ya huzuni, nahodha alipata mikimbio 56.

Alicheza Kombe la Dunia mara tano, la mwisho likiwa la mwaka 2011. Kisha akawa kocha, na miongoni mwa waliofaidi ujuzi wake walikuwa majirani zetu. Chini yake, timu ya taifa ya Uganda ilipanda kutoka daraja la nne hadi la tatu katika mashindano ya Malaysia mwaka 2018. Walimu wengine wakaiendeleza kazi, na mwaka 2024 Uganda ikacheza Kombe la Dunia la ishirini-ishirini. Kenya, iliyowahi kufika nusu fainali, ilikuwa imekwisha poteza mwaka 2014 hadhi yake katika mechi za kimataifa za siku moja.

Hatusemi kwamba mtu mmoja angaliizuia hasara hiyo, wala hatuwaonei wivu jirani. Elimu haina mpaka. Lakini twajiuliza: ni mafundi wangapi tuliowashangilia ujanani, kisha tukawasahau walipokuwa tayari kufundisha?

Kucheza na kufundisha ni kazi mbili. Mchezaji hutegemea jicho na mkono wake. Mwalimu hana budi kusubiri mkono wa mwingine ukomae, amwone akikosea na kurudia, naye asichoke. Subira hiyo akina mama waijua vyema.

Basi, wazazi wenzetu, mtoto akipenda mchezo, msitazame mabao pekee. Mtafuteni mwalimu mwema, mjueni kwa jina, na mumheshimu kama mnavyomheshimu mwalimu wa chuoni na wa shuleni. Sifa za mchezaji huisha na mechi. Ujuzi aliomwachia mtoto hubaki, ukapokewa na wajao.