Utambulisho wa Namba: Skripti na Utunzaji wa Maana ya Data

Namba peke yake haina maana kamili. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi wa Mlandege, mjini Iringa, amefungua daftari la zamani la mvua na kukuta imeandikwa 1.20. Ikiwa ni milimita, hayo ni manyunyu yasiyofika kwenye mizizi ya mahindi. Ikiwa ni inchi, ni milimita 30.48, mvua ya kulowesha shamba.

Shaka hiyo ina msingi katika historia. Hadi 1977, vipimo vya hali ya hewa vya Tanzania, Kenya na Uganda vilisimamiwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki. Kumbukumbu za zamani ziliandikwa kwa inchi, na za baadaye kwa milimita. Mtu akiziunganisha bila kutaja kipimo, itaonekana kana kwamba mvua ya Nyanda za Juu Kusini iliongezeka ghafla zaidi ya mara 25, hali mawingu ni yale yale.

Maelezo yanayoipa data utambulisho huitwa metadata, na kila kipengele chake huitwa sifa. Kwa kituo cha mvua, sifa zisizoweza kukosekana ni kipimo, mahali, urefu kutoka usawa wa bahari, wakati, na alama ya siku ambayo haikupimwa.

Sifa ndogo, makosa makubwa

Mji wa Iringa upo karibu na latitudo 7.8 Kusini na longitudo 35.7 Mashariki. Katika kompyuta, upande wa kusini wa Ikweta huandikwa kwa alama ya kutoa, yaani -7.8. Alama hiyo ikisahauliwa, kituo cha Mlandege kitaonekana katika ramani kikiwa kusini-magharibi mwa Ethiopia.

Wakati nao wahitaji uangalifu. Saa 3 asubuhi ya Iringa ni 09:00 kwa saa ya tarakimu, na ni 06:00 kwa saa ya dunia iitwayo UTC. Aidha, maji yanayopimwa asubuhi yaweza kuwa yalinyesha jana yake. Ni lazima ielezwe mvua hiyo imehesabiwa katika tarehe ipi.

Alama ya siku isiyopimwa mara nyingi huwa -999. Vipimo vya siku 5 vikiwa 10, 0, -999, 20 na 5, wastani halali wa siku 4 zilizopimwa ni milimita 8.75. Kompyuta isiyoelezwa maana ya alama hiyo itatoa -192.8. Jibu hilo ni la ajabu, hivyo litagunduliwa. Hatari iliyojificha ni kuandika 0 mahali pa siku isiyopimwa, kwa kuwa siku hiyo itahesabiwa kuwa ya ukame.

Kazi ya skripti

Data husafiri kutoka kifaa hadi ramani kama maji katika mfereji: kitokacho katika hatua moja huingia katika hatua ifuatayo. Vituo 40 vyenye faili moja kila mwaka kwa miaka 50 hutoa faili 2,000. Na kwa sifa 5 kila faili, maandishi ni 10,000. Mkono wa mtu utachoka na kukosea.

Hapo ndipo inapotumika skripti, yaani orodha fupi ya amri zinazoandikwa mara moja na kutekelezwa na kompyuta mara nyingi. Skripti husoma namba ya kituo, huitafuta katika jedwali la vituo, huandika sifa zake ndani ya faili, kisha huongeza mstari unaoeleza kilichobadilishwa na tarehe yake. Wataalamu wa hali ya hewa hutumia sana muundo wa faili uitwao NetCDF, unaobeba data pamoja na sifa zake. Na tangu 2003 kanuni ziitwazo CF zimeyaweka majina ya sifa hizo katika utaratibu mmoja.

Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba skripti hurudia kosa kwa uaminifu ule ule inaorudia usahihi. Jedwali likiwa na kosa, faili zote za kituo hicho zitakosewa. Kwa hiyo skripti njema hukagua kabla ya kuandika: ikikuta kituo cha Iringa kaskazini mwa Ikweta, au kipimo hakikutajwa, husimama na kutoa taarifa. Haibahatishi.

Gharama ya kupuuza jambo hili ilionekana Septemba 1999, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipopotea kilipofika Mars. Programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikazipokea kana kwamba ni za metriki.

Shule yenye kipimamvua yaweza kuanza bila kompyuta. Ukurasa wa kwanza wa daftari utaje mahali, kifaa, kipimo, saa ya kusoma, na alama ya siku isiyopimwa. Siku ambayo data hizo zitaingizwa katika kompyuta, ukurasa huo ndio skripti itakaousoma kwanza.