Mtupo Mmoja Kufikia Mia

Ndugu msomaji, mtu akikuambia kwamba alikwenda kutazama mchezo ambao mshindi wake alijulikana katika dakika ya tano, naye akakaa hadi kipenga cha mwisho, hapana shaka utamwuliza alikuwa akitazama nini. Nami niliulizwa hivyo barazani kwetu, Magomeni Mapipa, Jumapili jioni, na jibu sikuwa nalo tayari.

Ulikuwa mchezo wa mpira wa kikapu, katika siku hizi za kipupwe ambapo shule zimefungwa na viwanja vya saruji havipumziki. Vijana wa mtaani kwetu walivuka bonde la Jangwani kwenda Upanga kupambana na timu yenye mwalimu, mazoezi ya kila jioni, na wachezaji watatu ambao wakinyoosha mkono na kuruka kidogo tu huigusa pete, iliyo mita 3.05 kutoka ardhini. Vijana wetu walikuwa saba kwa jumla. Namba za fulana zao zilichorwa kwa rangi ya kupakia milango, na moja ilikuwa imeanza kubanduka.

Robo ya kwanza ilikwisha kwa pointi 27 kwa 4. Wakati wa mapumziko ubao ulisomeka 51 kwa 13.

Wapenzi wa kandanda, ambao ndio wengi katika mji huu, hawaelewi upesi jinsi pengo la namna hiyo linavyopatikana. Sisi tumezoea kwamba mabao matano yanatosha kulaza watu na huzuni mwaka mzima. Mabao 5 kwa 1 ambayo Yanga waliwafunga Simba tarehe 5 Novemba 2023 yangali yakisimuliwa katika kila kijiwe cha kahawa, na mtu wa Simba akichokozwa hukimbilia yale 6 kwa 0 ya mwaka 1977, hata kama siku hiyo alikuwa hajazaliwa. Lakini katika kandanda mnyonge anayo maficho. Huweza kuwarudisha watu kumi nyuma, akaupiga mpira nje, akajiangusha na kuomba maji.

Katika kikapu maficho hayo yalizibwa kwa sheria. Mwalimu James Naismith alipoubuni mchezo huu kule Springfield, Marekani, mwaka 1891, pambano la kwanza lilikwisha kwa 1 kwa 0. Kwa miaka mingi baadaye timu iliyoogopa kushindwa iliweza kuukumbatia mpira tu. Mwezi wa Novemba mwaka 1950 timu ya Fort Wayne iliwashinda Minneapolis kwa 19 kwa 18, na watazamaji walichoka mno. Ndipo mwaka 1954 ligi ya NBA ikaweka saa ya sekunde 24: ukiupata mpira, sharti uutupe kabla ya muda huo kwisha, kisha mwenzako naye apate zamu yake. Kwa hiyo kila upungufu ulio nao huonekana tena na tena, na kila mara huandikwa ubaoni.

Robo ya tatu ikaisha kwa 76 kwa 20. Mwalimu wa wenyeji akawaketisha watano wake bora, akaingiza wa akiba. Hapo mlinzi wetu mmoja, mfupi kuliko wote uwanjani, akaanza kupata nafasi. Alitupa, akakosa. Akatupa tena, ukaingia. Lakini wenyeji nao waliendelea kufunga, na walipofikisha 97 watu wakaanza kupiga makofi na kuitikia kwa sauti moja: “Mia! Mia!”

Nina jambo la kukiri. Mimi pia niliitikia. Nilikwenda kuwashangilia vijana wetu, lakini mtupo mmoja wa pointi tatu ulikuwa umebaki, na mdomo wangu ulitangulia kabla sijakumbuka mimi ni wa upande gani.

Zilikuwa zimebaki sekunde zisizofika 24, nao wenyeji wana mpira. Kijana wao alisimama karibu na mstari wa kati akaudunda pale pale. Mfupi wetu akamfuata, akaupapia kwa mikono miwili, asiupate. Kelele zikazidi. Yule kijana hakutupa. Kipenga kikalia, 97 kwa 33.

“Huyo kalelewa,” alisema mzee aliyeketi kando yangu. “Kawasitiri wenziwe.”

“Lakini mzee wangu,” nikamjibu, “Marekani hawakuwasitiri Angola.” Nilikuwa nakumbuka Barcelona, mwaka 1992, Angola wakiwa mabingwa wa Afrika, wakafungwa 116 kwa 48, na kuna kipindi Marekani walipata pointi 46 na Angola 1 tu. Mwaka 2012 kule London Nigeria walifungwa na Marekani 156 kwa 73. Miaka tisa baadaye, mwezi wa Julai mwaka 2021, Nigeria wakawashinda Marekani hao hao 90 kwa 87 katika mchezo wa kirafiki mjini Las Vegas.

“Basi kipigo ndicho kilichowafundisha?” aliuliza mzee.

Sikuthubutu kusema ndiyo. Wengi katika kikosi kile cha mwaka 2021 walikuwa wachezaji wa NBA, na ufundi wao waliupata kwa mazoezi na walimu. Vijana wetu wanakosa hasa hayo. Ukiwafunga mia mbili hawatapata mwalimu kwa sababu hiyo.

Mfupi wetu hakuyasikia mazungumzo yetu. Alimwendea yule kijana wa Upanga, akampa mkono, kisha akamwuliza, uso umekunjamana: “Kaka, mbona hukutupa?” Mwenzake akacheka kwa haya, asijibu.

Tulirudi pamoja kwa basi la mwendokasi. Tulipokuwa tukipita Jangwani alisema kwamba katika robo ya mwisho peke yake walipata pointi 13, zaidi ya robo yoyote iliyotangulia. Mwenzake aliyekuwa amepakata mpira akamkumbusha kwamba hizo walizipata kwa wachezaji wa akiba. Wakabishana hivyo hadi Mapipa, na walipokuwa wakishuka nilisikia wakiulizana nani atakaa na mpira usiku ule, kwa kuwa mazoezi yangeanza saa kumi na mbili asubuhi.