Ufunguo Ulioachwa Kwenye Kidhibiti

Katika viwanda ambavyo mashine zake zimeunganishwa kwa mtandao, vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima joto, mgandamizo au mtikisiko, huweza kutoa maelfu ya vipimo kwa sekunde, na kuvipeleka vyote kwenye seva za mbali vikachambuliwe huko huchukua muda ambao mota inayokaribia kuungua haina. Ndiyo maana wahandisi wameihamishia kazi hiyo kwenye kompyuta ndogo zinazofungwa kando ya mashine zenyewe, utaratibu unaoweza kuitwa ukokotoaji wa pembezoni, ambapo uamuzi wa kuzima mota au kufunga vali hufanyika palepale, hata intaneti ikikatika.

Hata hivyo kompyuta hiyo, kwa kuwa upande mmoja inawasiliana na mashine na upande wa pili na mtandao wa ofisi, ni mlango, na mara nyingi mashine zilizo nyuma yake hazina uwezo wa kumhoji anayeingia. Modbus, mfumo wa mawasiliano uliobuniwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 na unaotumika viwandani hadi leo, katika umbo lake la asili haumtambui anayetuma amri: kifaa kikiambiwa kifungue, kinafungua. Wabunifu wake hawastahili lawama, kwani zama hizo waya ulianzia na kuishia ndani ya kuta za kiwanda.

Mwaka 2017, katika kiwanda cha kemikali za petroli nchini Saudi Arabia, wavamizi waliifikia kompyuta ya wahandisi na kupitia hiyo wakapandikiza programu hasidi, iliyokuja kuitwa Triton, ndani ya vidhibiti vya Triconex, ambavyo kazi yake ni kuzima mitambo joto au mgandamizo unapovuka mpaka wa usalama, kabla mlipuko au gesi ya sumu haijawafikia wafanyakazi. Aliyekiteka kidhibiti cha namna hiyo ameshika roho za watu, na kwa sababu hiyo uvamizi huu ni mbaya kuliko wizi wowote wa fedha. Kidhibiti hicho kina swichi ya ufunguo, ambayo ikigeuzwa kwenye nafasi ya kuendesha, hakipokei programu mpya kutoka mtandaoni. Lakini swichi ilikuwa imeachwa kwenye nafasi ya kupangia programu. Kiwanda kilinusurika kwa kosa la wavamizi wenyewe, kwani mwezi Agosti vidhibiti viligundua hitilafu iliyotokana na programu yao, vikazima mitambo.

Viwango vya kimataifa vya IEC 62443 vinataka mtandao wa kiwanda ugawanywe katika kanda, ili aliyeingia ofisini asifike kwenye mitambo bila kuzuiwa njiani. Kompyuta za pembezoni nazo zibadilishwe nywila zilizotoka nazo kiwandani, na zikatae programu isiyo na saini ya kidijitali ya mtengenezaji. Na zamu zinapopokezana, mtu atembee hadi kwenye kabati la vidhibiti, aitazame swichi, kisha ufunguo aurudishe unakotunzwa.