Harufu ya Sabuni Msituni

Mashujaa wawili wanakutana uso kwa uso na watu wawili wanaofanana nao kama shilingi kwa ya pili. Mavazi ni yale yale, nguvu ni zile zile, hata mbinu zao za siri wanazijua. Wasomaji wa vitabu vya katuni wanakifahamu kisa hiki kabla hawajafungua ukurasa wa kwanza. Bizarro, nakala mbovu ya Superman, alizaliwa mwaka wa 1958. Miaka sita baadaye wasanii wa Marekani wakavumbua dunia nzima ya kinyume, yenye Ultraman mahali pa Superman na Owlman mahali pa Batman. Mwisho wake ni mmoja: barakoa inavuliwa, mwovu anatambulika, watoto wanalala.

Mwaka huo wa 1958 ndipo London ilipochapisha kitabu kingine, hiki kisicho cha watoto. Kinaitwa The Hunt for Kimathi. Mwandishi wake ni Ian Henderson, afisa wa polisi ya kikoloni, akisaidiwa na mbunge Philip Goodhart. Nilikifungua nikitafuta habari za Sagana. Sisemi mji wa Sagana ulioko Kirinyaga. Nilitaka ile nyumba iliyo juu zaidi kando ya mto wa jina hilo hilo, upande wa Kiganjo, ambayo leo ni ikulu ndogo. Hapo ndipo Binti Mfalme Elizabeth alipopewa habari za kifo cha baba yake tarehe 6 Februari 1952, baada ya usiku mmoja kule Treetops, hoteli ya juu ya mti. Kufikia Oktoba 20 mwaka huo hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya dhidi ya Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopinga ukoloni. Mwaka wa 1954 Treetops yenyewe iliteketezwa na Mau Mau. Mengine ya vita hivyo msomaji anayajua.

Ya Sagana niliyasahau upesi. Nilinasa kwenye sabuni.

Wapiganaji waliokaa msituni miaka mitatu, minne, anasema Henderson, walikuwa wamejifunza kunusa. Mtu aliyeoga kwa sabuni, aliyevaa shati lililofuliwa, aliyevuta sigara asubuhi, alinuswa kabla hajaonekana. Doria ya wanajeshi ilipofika kwenye kambi ya Mau Mau ilikuta majivu ya moto na mifupa ya swara, basi. Serikali iliyokuwa na ndege aina ya Lincoln za kumwaga mabomu juu ya Nyandarua na Mlima Kenya ilikuwa inashindwa na kipande cha sabuni.

Basi kazi ya kuunda genge bandia la Mau Mau ilianza kwa kutooga. Nguo zilitoka kwa waliokamatwa na waliouawa: makoti yaliyochanika, kofia zisizo na umbo, ngozi za wanyama. Hazikufuliwa, maana uvundo wake ndio uliotakiwa. Nywele ziliachwa ndefu, zimesokotwa. Asiyekuwa nazo alivikwa za bandia. Silaha nazo zilikuwa za kule kule, simi, panga na bunduki za kuundwa kwa bomba la maji na kipande cha mbao. Afisa Mzungu alipoandamana na kundi hilo alijipaka weusi usoni na mikononi, akavuta kofia hadi kwenye nyusi, akakaa nyuma gizani, mdomo kaufunga. Jicho la bluu halipakwi masizi.

Hayo yalikuwa mavazi tu, na mavazi si kazi. Kigumu kilikuwa tabia. Sala husaliwaje uso ukiuelekea Mlima Kenya, na nani hutangulia kuinua mikono? Wimbo gani unaimbwa mwezi huu, maana wa mwezi jana umekwisha kupitwa? Kiongozi wa kundi jirani anaitwa kwa cheo gani? Mtu anaikaribiaje kambi ngeni bila kupigwa risasi, akikanyaga wapi, akifuta nyayo vipi, akikaa umbali gani na moto? Hakuna mwalimu wa darasani angeweza kufundisha hayo. Yalimhitaji mtu aliyeyaishi.

Hapo ndipo kisa cha katuni kinapoishiwa na msaada. Katika vitabu vile nakala ya shujaa hutoka sayari nyingine, au kwenye chupa ya maabara. Nakala hizi zilitoka msituni humo humo. Ili Mau Mau wa uongo aaminike, ilibidi awe Mau Mau wa kweli: aliyekula kiapo, aliyelala kwenye baridi ya mianzi, aliyeshiriki asali na huyu anayemwinda leo. Alikamatwa juma lililopita. Juma hili anarudi na wageni.

Wazo hilo halikuwa la Henderson peke yake. Frank Kitson, afisa kijana wa jeshi la Uingereza aliyetumwa Kenya mwaka wa 1953, alilifanyia kazi upande wa Kiambu na Thika, na mwaka wa 1960 akaliandikia kitabu, Gangs and Counter-gangs. Kufikia 1955 polisi walikuwa na vikosi maalumu vya magenge bandia. Lakini Nyeri ilikuwa ya Henderson, na yeye ndiye anayesimulia kama fundi anavyosimulia kazi yake, kwa majivuno yasiyofichika.

Alikuwa na haki fulani ya kujivuna. Alikulia kwenye shamba la wazazi wake karibu na Nyeri, akacheza na watoto wa Kikuyu, akakizungumza Kikikuyu kama walivyokizungumza. Walimpa hata jina, Kinyanjui. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyekuwa akimwinda, alizaliwa Oktoba 1920 huko Thenge, Tetu. Henderson alizaliwa miaka saba baadaye. Mmoja alikuwa amefanya kazi ya karani na ualimu, akaenda msituni na karatasi zake, akaandika barua, orodha, vyeo na kumbukumbu za mikutano. Mwingine alizisoma barua hizo zilipokamatwa, akamjibu kwa barua. Ukiwatazama kwa makini unaona kwamba nakala ya kwanza katika vita hivi ilikuwa huyo Kinyanjui mwenyewe.

Aliyemfungulia mlango alikuwa Waruhiu Itote, Jenerali China, kamanda wa upande wa Mlima Kenya na mkongwe wa vita vya Burma. Alikamatwa karibu na Karatina tarehe 15 Januari 1954, akiwa na majeraha ya risasi. Henderson alimhoji kwa saa 68. China akahukumiwa kifo Nyeri, kisha hukumu ikabadilishwa, na badala ya kitanzi akapewa kalamu awaandikie wenzake wajisalimishe. Mazungumzo yalivunjika Aprili. China alifungwa Lokitaung, ambako Jomo Kenyatta alimfundisha Kiingereza, na baada ya Uhuru akawa mmoja wa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Hakugeuzwa kuwa mwindaji. Lakini Henderson alitoka kwenye chumba kile na somo: kwamba anayejua njia za msitu anaweza kuzungumza, ukiwa na subira na ukijua lugha yake.

Kufikia mwanzoni mwa 1956 somo hilo lilikuwa limekuwa mtindo. Henderson anaeleza jinsi mateka alivyoletwa, akalishwa, akaongeleshwa, na katika siku chache akawa anaonyesha njia. Anaeleza pia jinsi alivyolala msituni katikati ya watu hao, silaha zao mikononi mwao, wala hawakumgusa. Mwenyewe anastaajabu. Maelezo yake ni mepesi mno: anawasema wapiganaji kama watu waliorudi unyamani, wenye pua na masikio ya wanyama, na kwa hiyo wenye utii wa wanyama. Hapo nilikifunga kitabu kwa muda.

Kitson, miaka mingi baadaye, alitoa jibu lisilo na matusi. Kumgeuza mtu, alisema, kunataka mambo matatu. La kwanza ni kumpa kishawishi kikubwa. La pili ni kumwonyesha kwamba akikataa yatamfika mabaya sana. Mpaka hapo ni ile habari ya asali na fimbo inayojulikana na kila mtawala. Uzito uko kwenye la tatu: mtu huyo apewe nafasi ya kujithibitishia kwamba anachokifanya hakina aibu.

Nimelirudia jambo hilo la tatu mara nyingi. Maana linakubali kwamba mateka alikuwa na heshima yake, kisha linaifanya heshima hiyo kuwa kifaa. Alijiambia nini? Kwamba vita vimekwisha, na anawaokoa wenzake kwa kuwatoa? Kwamba kiapo alichokula kilishavunjwa na viongozi waliogombana? Au kwamba nyumbani mama yake yuko ndani ya kijiji cha uzio na mitaro, na chakula hakipo? Katika kitabu cha Henderson watu hao wanapiga hatua, wanapiga risasi, wanacheka jioni. Nafsi zao hazisemi.

Na viongozi walikuwa wamegombana kweli. Kimathi na Stanley Mathenge waliingia msituni kama washirika, wote wawili wa Nyeri, kila mmoja na alichokikosa mwenzake. Mathenge alikuwa askari wa Burma, mtu wa vitendo, anayependwa na vijana wasiojua kusoma. Kimathi alikuwa mtu wa kalamu na hotuba. Mwaka wa 1955 Kimathi alipinga mazungumzo ya upande wa Mathenge na serikali, na ushirika ukavunjika: huku Bunge la Kenya la Kimathi, kule Kenya Riigi ya Mathenge.

Nakala za mashujaa ziliingia kwenye ufa huo. Hasara yake haihesabiki kwa maiti. Genge bandia likipita mara moja, kila genge la kweli linalofuata linashukiwa. Ndugu anayekuja na njaa usiku anaambiwa asimame hapo hapo. Anayejua wimbo anashukiwa kwa sababu anaujua vizuri. Kimathi, aliyekuwa mkali tangu awali, alizidi kuwashuku na kuwaadhibu watu wake, na kila adhabu ilisukuma mwingine nje ya msitu kwenda kujisalimisha. Kwa siku nyingi serikali haikuhitaji hata kumtuma mtu, uvumi ulitosha.

Henderson alifuatilia miti ya mugumo ambako Kimathi alisali, akaweka watu wake karibu nayo. Kundi la Kimathi likapungua mpaka likawa la watu wa kuhesabika kwa vidole. Halafu, baada ya miezi yote hiyo ya ngozi, nywele na nyimbo, Kimathi hakukamatwa na nakala yake. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi ya mguu ukingoni mwa msitu na askari wa kikabila aliyeitwa Ndirangu, aliyekuwa kwenye lindo la kawaida. Alikuwa amevaa ngozi ya chui. Mahakamani Nyeri alidai kwamba alikuwa anakuja kujisalimisha. Jaji Mkuu Kenneth O'Connor hakumsadiki, na kosa lililomnyonga Kamiti tarehe 18 Februari 1957 lilikuwa la kupatikana na bastola. Kaburi lake halijaonyeshwa familia mpaka leo.

Mathenge alipata nakala yake baadaye sana. Alitoweka mwaka wa 1955, na ikasemekana alielekea Ethiopia. Mwaka wa 2003, serikali ya Mwai Kibaki ikiwa mpya na Mau Mau ikiondolewa kwenye orodha ya vyama haramu, mkulima mzee aitwaye Lemma Ayanu aliletwa Nairobi kutoka Ethiopia, akapokewa uwanja wa ndege kama shujaa aliyerudi. Hakuzungumza Kikikuyu. Vipimo vya DNA vilipotoka, hakuwa na undugu na familia ya Mathenge. Watu walicheka, serikali ikaona haya, mzee akarudi kwao. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nchi ambayo wakati mmoja ilishindwa kumtambua ndugu wa kweli kwa sababu ya nakala, sasa ilikuwa na hamu ya ndugu hata ikakubali nakala.

Mbinu yenyewe ilisafiri. Kitson aliipeleka fikra yake Belfast alikoongoza brigedi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Rhodesia iliunda Selous Scouts mwaka wa 1973 kwa mtindo huo huo. Henderson alifukuzwa Kenya mwaka wa 1964, akaenda Bahrain, akasimamia usalama wa nchi hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini, huku wapinzani wa huko wakimtuhumu kwa mateso, tuhuma alizozikana. Alifia huko Aprili 2013.

Miezi miwili baadaye, tarehe 6 Juni, William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje, alisimama katika bunge la Uingereza akasema serikali yake inajutia mateso ya kambi za kizuizini za wakati wa vita hivyo, na kwamba Wakenya 5,228 watalipwa katika mapatano ya pauni milioni 19.9. Orodha ya namna hiyo inamtaka mtu awe upande mmoja. Sasa mchukue aliyekula kiapo, akapigana Nyandarua miaka mitatu, akakamatwa, akatishwa kitanzi, akavikwa koti la rafiki yake aliyekufa na kurudishwa msituni kuwatafuta waliobaki, kisha akaenda kwao Tetu kulima majani chai. Aandikwe wapi? Kazi aliyofanyishwa mwishoni inayafuta mateso yake, au ndiyo ilikuwa mateso yenyewe?